Ukishanawa Mikono: Saa Mbili za Baada ya Kula

Ijumaa moja hapa Ngamiani, mjini Tanga, nilikula pilau kwenye shughuli ya jirani. Sinia moja watu wanne, na mimi sikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Nikarudi nyumbani, feni nikaielekeza kitandani, nikajitupa chali. Haikufika nusu saa nikazinduka kifua kinawaka, maji machungu yamenijaa kooni na moyo unakwenda mbio kwa hofu. Shangazi alikuwa uani anachagua mchele. Aliponiona nimeshika kifua akaniuliza neno moja tu.

"Umelala na pilau?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi imeamka nawe," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Toka siku hiyo nimekuwa mdadisi wa mambo ya baada ya kula. Nimegundua kwamba makatazo kwetu hayajapungua, ila yamekaa pasipo pake. Mtoto anakatazwa maji baridi, anakatazwa tunda, anakatazwa kuoga. Lakini kulala na shibe, chai ya rangi juu ya mchicha, na sufuria ya wali iliyoachwa mezani mpaka usiku, hapo kila mtu kimya. Mwongozo huu nimeupanga kwa mwendo wa saa, kuanzia pale unaponawa mikono.

1. Kaa wima

Chakula cha kawaida huchukua saa 2 mpaka 4 hivi kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo. Mafuta huchelewesha, kwa hiyo pilau ya nyama au samaki wa kupaka hukaa zaidi. Muda wote huo tumbo linasukasuka chakula na tindikali kali. Kati ya tumbo na umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, kuna msuli wa duara unaojikaza kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Tumbo likijaa sana, msuli ule hulegea mara kwa mara. Ukiwa umekaa, uzito wa chakula wenyewe unakusaidia, kinabaki chini. Ukilala chali, tindikali inapata njia. Hicho ndicho kiungulia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: baki umekaa, mgongo umenyooka. Wazee wetu wa barazani, bila kusoma popote, walilipatia hili. Mtu akishakula anatoka nje, anakaa kwenye baraza ya saruji, gumzo linaanza: mpira wa Mkwakwani, bei ya changu, nani kaoa nani. Saa nzima yuko wima. Baraza ina faida ambayo jamvi na mto havina, maana wengi wetu tukisema "nimekaa" tuko kiwiko chini, miguu imenyooshwa, nusu ya kulala.

Legeza mkanda au fundo la kanga. Kuna watu wanaona haya kufanya hivyo mbele ya wageni, lakini nguo inayobana kiuno inalikamua tumbo kwenda juu.

Kuinama nako ni vivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani hili hujitokeza wazi: mtu amefuturu kwa tende, uji, mihogo ya nazi, kaimati na samaki, vyote ndani ya robo saa, kisha yuko kwenye tarawehe, rukuu na sijda, na kila akisujudu anaonja futari upya. Dawa yake ni kuigawa futari. Fungua kwa tende na maji, au uji kidogo, swali magharibi, ule kiasi, na kile kizito kiache baada ya tarawehe lakini mapema, usije ukakipeleka kitandani. Daku ndiyo mtihani zaidi, kwa sababu watu wengi wanaila saa kumi alfajiri na kurudi kulala hapohapo. Ukiweza kukaa mpaka baada ya swala ya alfajiri, umejiondolea nusu ya tatizo.

2. Kunywa maji, kula tunda, achana na hadithi

Maji baridi hayagandishi mafuta tumboni. Mwili una joto la nyuzi 37, na bilauri ya maji ya friji inapashwa moto tumboni muda si mrefu. Kunywa kwa kiasi, hasa ukiwa na kiu ya kweli. Ubaya wa kunywa jagi zima ni kwamba tumbo lililojaa linazidi kujaa.

Tunda pia halitaozea tumboni likikuta wali umetangulia. Tindikali iliyomo humo haiachi kitu kioze, na tumbo halipangi foleni ya kipi kilianza. Kama papai linakujazia gesi, lile saa nyingine, hiyo ni tabia ya tumbo lako. Mwenye sukari aangalie ukubwa wa kipande, si saa.

Ninachokitilia shaka mimi ni ile soda "ya kusukumia." Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, yaani vijiko 9 vya chai, na inakuja juu ya wali ambao nao utageuka sukari. Ule mbweu unaoonekana kama nafuu ni gesi ya soda yenyewe inatoka, na mara nyingi inatoka na tindikali kidogo.

3. Inuka, tembea kidogo

Baada ya dakika 10 au 15 za kukaa, tembea. Huhitaji raba wala suruali ya mazoezi. Sukari ya damu hupanda kuanzia unapokula na kufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi. Misuli ya miguu ikifanya kazi wakati huohuo, inaichukua ile sukari na kuitumia. Dakika 10 au 15 za mwendo wa taratibu zinatosha kuonyesha tofauti kwenye kipimo, na hata dakika 5 ni bora kuliko kukaa tu. Anayetumia sindano ya insulini amuulize daktari wake kwanza, asije akashuka sukari njiani.

Tanga ni tambarare, hatuna kisingizio. Mimi hutoka nyumbani, nikavuka barabara mbili tatu za Ngamiani, nikarudi. Mchana wa Februari, jua likiwa utosini, sitoki. Nazunguka uani au kibarazani kivulini. Mwenye baiskeli, na Tanga nani hana, aendeshe polepole kurudi kazini, asishindane na bodaboda. Kukimbia, kucheza mpira, kubeba magunia, hayo yasubiri saa mbili tatu, la sivyo utapata kichomi au kutapika.

Hapa nina neno na wanaume wenzangu. Nyumbani kwetu tukimaliza kula, mwanamke anainuka, anakusanya sahani, anateka maji, anaosha, anafagia. Sisi tumejiegemeza tunachokonoa meno. Kisha tukipimwa sukari tunashangaa mbona imepanda. Kuosha vyombo ni kutembea kwa namna yake: umesimama, mikono inafanya kazi, dakika 20 zimepita. Osha vyombo, bwana. Sukari ya damu haitauliza ulifanya kazi ya nani.

Kwa wazee kuna tahadhari moja ambayo haizungumzwi sana. Baada ya mlo mkubwa damu nyingi huelekea tumboni, na kwa mtu mzima sana presha inaweza kushuka ndani ya saa mbili zinazofuata. Ndiyo maana babu akiinuka mezani kwa haraka anayumba, kizunguzungu kinampiga, pengine anaanguka. Mpe mlo mdogo mara nyingi, anywe maji kabla ya kula, akae kwanza, ainuke kwa hatua, na awepo wa kumshika mkono.

4. Chai na kahawa zisubiri saa moja

Hili ndilo gumu kuliko yote, maana Mtanga bila chai baada ya chakula huona hajala. Chai ya rangi ina vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka na kuyazuia yasiingie mwilini. Kikombe kimoja pamoja na chakula au mara tu baada yake kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kahawa nayo inafanya hivyo, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko chai. Chuma cha nyama na samaki hakiathiriki sana. Lakini fikiria meza ya siku ya kawaida: bada (ugali wa muhogo) au wali, kisamvu, maharage, mchicha wa nazi. Chuma chote pale ni cha mimea, na juu yake tunamimina chai.

Kwa mwanamume mzima mwenye afya, pengine hakuna neno. Kwa mama mjamzito, msichana aliyeanza kupata hedhi, mtoto, au yeyote aliyeambiwa damu yake ni kidogo, ni suala zito. Vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, nimewaona wanaovishushia kwa chai. Vishushie kwa maji, au maji ya chungwa. Vitamini C hufanya kinyume cha chai, inasaidia chuma kuingia mwilini. Chungwa la Muheza baada ya maharage ni chaguo bora kuliko buli la chai, tena bei yake haifanani na dawa.

Sisemi uache chai. Ikae mbali na chakula, saa moja hivi. Kahawa chungu ya jioni, ile muuzaji anayopita nayo akigonganisha vikombe, tayari iko mbali na mlo wa mchana, na kashata yake ndogo haina ugomvi na mimi. Ila ikinywewa saa tatu usiku, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nane, ndipo unapolaumu mbu kwa kukosa usingizi.

5. Kinywa

Suuza kwa maji mara tu unapomaliza. Mswaki usubiri walau nusu saa kama umekula vya uchachu: embe mbichi kwa pilipili, achari, ukwaju, limau, machungwa, soda. Uchachu hulainisha kidogo gamba la juu la jino, na ukisugua hapohapo unalikwangua. Mate yenyewe yanalirudisha taratibu. Mswaki wa mti unatumika sawa, ilimradi usiusugue kwa nguvu kama unaparua nazi. Kijiti cha meno kiondoe kilichonasa tu, kisichimbe fizi.

Sigara ya baada ya kula ina sifa ya kuwa mbaya kuliko nyingine mara kumi. Hiyo hesabu ipuuze, kwa sababu hata sigara ya kabla ya kula ni mbaya. Kinachojulikana ni kwamba nikotini hulegeza ule msuli wa juu ya tumbo, kwa hiyo juu ya madhara yake yote inakuongezea na kiungulia.

Tambuu nitaisema kwa upole kwa sababu bibi zetu waliila, na mgeni aliyefungiwa tambuu alijua ameheshimiwa. Popoo, ile kokwa inayofungwa ndani ya jani, ndiyo shida. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka popoo, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ripoti yake ilichapishwa 2004. Ukiona doa jeupe au jekundu mdomoni lisilotoka kwa wiki mbili, au mdomo umeanza kuwa mzito kufunguka, nenda ukaonyeshe.

6. Kuoga

Oga. Hutapooza mwili kama wanavyotutisha. Maji ya moto sana yanaweza kumtia kizunguzungu mzee kwa sababu ileile ya presha, basi. Kuogelea Raskazone na tumbo limejaa hakuui kwa kichomi kama tulivyotishwa utotoni, lakini kupiga mbizi na kushindana ni kazi nzito, na kutapika ndani ya maji si mchezo. Chezea ufukweni kwanza.

7. Sufuria iliyobaki

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo panapoumiza watu bila wao kujua. Baada ya kula mchana, sufuria ya wali inafunikwa kawa, inakaa mezani, inaliwa tena usiku, kinachobaki kinakuwa kiporo cha asubuhi na chai. Ni desturi tamu. Lakini mchele mbichi mara nyingi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole, zinaamka, zinazaana, na baadhi zinatoa sumu. Ile sumu ya kutapisha haiharibiki kwa kupasha moto. Ndiyo maana mtu anaweza kula kiporo kinachofuka moshi, na ndani ya saa moja mpaka sita akawa anatapika.

Kanuni ni saa mbili: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya hapo. Joto likizidi nyuzi 32, na sisi wa pwani tunazijua siku hizo, hesabu saa moja. Usingoje sufuria ipoe yenyewe, kwani wali ulioshindiliwa unabaki vuguvugu katikati kwa muda mrefu sana. Fanya hivi: pakua wali uliobaki kwenye sinia safi, utandaze uwe mwembamba, funika kwa kawa lenye matundu, weka karibu na feni. Ukishaacha kufuka, tia kwenye vyombo vidogo vyenye mfuniko, ingiza kwenye friji. Pasha mara moja tu, mpaka umoto ufike katikati, na pasha kile utakachokila. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa inahifadhi ubaridi kama saa 4. Kila ukiufungua mlango kuchungulia unapunguza.

Mchuzi wa tui unachacha upesi, na heri yake ni kwamba pua inakuambia. Samaki hana huruma hiyo. Jodari, kibua na wenzao wakikaa kwenye joto, hata kabla ya kupikwa, hujenga kitu kinachoitwa histamini, nacho hakiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Uso unawiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Watu husema "samaki wananikataa," kumbe pengine mtu yule hana mzio wowote. Samaki aliachwa juani kutoka mnadani Deep Sea mpaka jikoni. Nunua aliye kwenye barafu, na ukimaliza kula usimwache mezani.

Asiye na friji apike cha kuliwa, na kilichozidi akigawe kingali cha moto. Shangazi ana msemo wake: jirani hapelekewi kiporo, hupelekewa chakula.

8. Kulala

Usiku, acha saa 2 mpaka 3 kati ya tonge la mwisho na kitanda. Nyumba nyingi zinakula saa tatu na nusu, saa nne watu wamezima taa. Kuuhamisha mlo uwe baada tu ya magharibi kulinigharimu wiki mbili za manung'uniko ya watoto. Sasa wamezoea.

Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, upande huo unaacha tindikali chini ya mdomo wa umio; ubavu wa kulia unaimimina mlangoni. Anayesumbuliwa kila usiku aweke matofali au magogo imara chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 15 mpaka 20. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo, maana inakukunja kiunoni na kulibana tumbo.

Usingizi wa mchana sio adui. Mwili una uzito wake wa saa saba na saa nane hata ukiwa umekula kidogo. Egemea kitini, dakika 20, weka simu ikuamshe.

9. Ukihisi si shibe ya kawaida

Kwa kiungulia cha siku moja, simama, tembea, kunywa maji kidogo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha tindikali hurudi. Magadi yanapoza kweli, ila yana sodiamu nyingi, mwenye presha asiyazoee. Na angalia vidonge vya maumivu: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki vinachubua tumbo, hata ukivinywa ukiwa umeshiba.

Kiungulia kikikujia mara mbili au zaidi kwa wiki, na wiki zinapita, kamwone daktari. Usingoje ikiwa chakula kinakwama ukimeza, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo ni cheusi kama lami.

Na kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, jasho jembamba, pumzi fupi, usinywe magadi wala usitembee barabara tatu. Hospitali, muda huohuo. Siku ile mimi ilikuwa pilau, na shangazi alipatia, lakini alikisia tu. Angekuwa mjomba, mwenye presha na miaka yake 60 na kitu, ningeita bajaji kwanza, hayo ya pilau tungeulizana njiani.